Mzee wa Dirishani

Ipo Jumamosi moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko siku nyingine zote, mwanangu, na si kwa sababu ndiyo siku niliyoolewa. Watu huolewa kila Jumamosi. Naikumbuka kwa sababu shangazi yangu alinikaripia langoni kwetu Buruburu, mbele ya wapiga ngoma na majirani, nikiwa nimevaa shela, na karipio hilo limenifaa kuliko zawadi zote nilizopewa siku hiyo, masufuria yakiwemo.

Kilichonikumbusha ni harusi ya juzi hapa Njiru ninakoishi sasa. Jirani yetu alimwoza binti yake, na wakaleta isukuti, ngoma zetu sisi watu wa Kakamega, zile tatu zinazoning'inizwa begani na kupigwa kwa viganja. Nikatoa kiti changu nikakaa nje nisikilize, maana isukuti haisikilizwi ukiwa jikoni. Binti akatoka, ngoma zikapamba moto, nami nikaanza kulia kidogo kama inavyonipasa kwa umri wangu. Mara kijana mmoja mwenye kamera akainua mkono. Ngoma zikanyamaza. Binti akarudishwa ndani, akatoka tena. Akarudishwa tena, eti jua lilimpiga vibaya usoni. Alipotoka mara ya mwisho mpiga ngoma mmoja alikuwa akipiga miayo, na mama yake binti alikuwa amekwenda zake kuangalia pilau. Nikachukua kiti changu nikarudi ndani.

Mjukuu wangu Imali akanifuata. "Shosho, mbona umetoka? Si ni content tu. Hakuna mtu amekufa."

Shosho ndivyo wanavyoniita, ingawa kwetu nyanya ni guku. Nimeshaacha kubishana na Nairobi. Nikamwambia akae nimweleze, akakaa na simu yake mkononi, wala sikumwambia aiweke chini. Nawe kaa, mwanangu, usikie.

Usidhani nina ugomvi na kamera au na televisheni. Nina kipindi changu cha jioni, na kikishaanza hata mchungaji akipiga hodi atangoja tangazo la sabuni ndipo apate chai. Tena nimelelewa na televisheni. Baba yangu alikuwa karani serikalini, na tulipopata nyumba Buruburu, televisheni iliingia sebuleni kabla ya meza. Tulikuwa tukilia chakula magotini na tukijiona watu wa maana sana. Baba aliweka kiti chake mbele yake, na jioni taarifa ya habari ilipoanza nyumba nzima ilipunguza sauti. Hata sufuria ilifunikwa taratibu.

Nilipomwambia Baba kwamba nimepata mchumba, alifurahi mpaka alipouliza jina. Nikamwambia ni Kioko. Mkamba, dereva wa lori, mtoto wa mchonga vinyago. Baba hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Nitafanya kila linalompasa baba kulifanya. Usiniombe zaidi ya hapo."

Na ahadi hiyo aliitimiza barabara. Wazee wa kina Kioko walipokuja aliwapokea, akawakaribisha chai, akazungumza nao mambo ya mvua. Lakini kusema nami aliacha. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi niliungoja mshindo huo miezi na miezi, nikachoka kuungoja.

Akawa ananiambia mambo kwa kupitia televisheni. Imali alicheka nilipofika hapa, nawe cheka ukitaka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikimletea chai, alimwambia msoma habari, "Bwana, mwambie huyo binti sukari ni kidogo." Nikichelewa kurudi kutoka kazini, "Mwambie huyo binti geti hufungwa mapema." Msoma habari naye aliendelea na habari zake za mkutano wa mawaziri. Mwanzoni Mama alikuwa akicheka jikoni. Baadaye akaacha kucheka. Mimi nilisimama na sinia langu nikitazama kisogo cha baba yangu, na watu wa ndani ya kioo wakinitazama mimi. Iliniuma, mwanangu. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa, na kufunga kamba za viatu, na kuvuka Jogoo Road bila kukimbia.

Ndipo nikapata wazo. Nikajiambia: huyu mzee hanitazami nikisimama mbele yake, lakini hajawahi kukataa kutazama kitu kikiwa ndani ya televisheni. Hutazama hata mafunzo ya kilimo cha pareto, na hana shamba hata la sukuma wiki. Basi nami nitaingia humo humo. Siku hizo watu wa mtaani walikuwa wameanza kupigwa video harusini, jambo geni bado. Nikiwa ndani ya kioo nimevaa shela, ngoma mbele yangu, atanitazama tu, atake asitake.

Aliyepiga video mtaani kwetu aliitwa Njogu, kijana mwenye studio ndogo karibu na maduka, mcheshi, mwenye haraka. Kamera yake ilikaa begani kama gunia la viazi. Nilimwagiza jambo moja. "Mengine yote ukiyakosa, sina neno nawe. Nipige nikitoka mlangoni kwa Baba." Akaniambia nisiwe na wasiwasi, kazi hiyo ni yake.

Sasa lazima nikueleze desturi, maana vijana wa siku hizi mnacheza ngoma msizojua zinasema nini. Kwetu msichana akiolewa hutolewa kwao kwa ngoma. Anayemshika mkono ni senge, yaani dada ya baba yake. Akishavuka kizingiti hageuki kutazama nyuma, wala harudi ndani hata kama amesahau viatu. Atarudi siku nyingine, mchana kweupe, akiwa na mumewe na zawadi mkononi, apokewe kama mgeni. Kurudi kabla ya hapo ni kuionyesha ndoa njia ya kurudi kwenu. Sisi tulikuwa Wakristo, tena wa kukaa viti vya mbele, lakini jambo hilo hakuna aliyelipinga. Hata mchungaji alikuwa na mabinti. Na baba mtu hatoki nje na ngoma. Yeye hubaki ndani, asije akaonekana anamfukuza mtoto.

Kwa hiyo nilijua kwamba wakati wa kutoka Baba hatakuwa nami. Kanisani nako alikuwa ameshasema baba yangu mdogo ndiye atakayenishika mkono kunipeleka mbele, kwani yeye goti linamuuma. Goti hilo halikuwahi kuuma kabla ya wiki ile, wala sikulisikia likiuma tena baada yake.

Asubuhi ikafika. Wapiga ngoma walitoka mtaa wa Baba Dogo, wanaume wa kiwandani, siku za wiki wanachemsha sabuni na Jumamosi wanatoa wasichana. Njogu alikuwa amefika mapema na alipiga video kila kilichopita mbele yake. Alipiga wanawake wakimenya vitunguu. Alipiga pilau tangu ikitiwa maji mpaka ikakauka. Alipiga watoto waliokuwa wakimpungia mkono, wakimzunguka, wakimpungia tena. Nilipomchungulia dirishani nilimwona ameinama juu ya sufuria na kamera yake, mvuke umemfunika uso, nikafurahi kwamba nimepata mtu mwenye bidii.

Ngoma zikaanza. Senge wangu akanishika mkono. Alikuwa mwanamke mfupi, mwuza mitumba, sauti yake ilizoea kushindana na soko zima, na mkono wake ukikushika umeshikwa. Akanitoa chumbani, tukapita sebuleni. Baba alikuwa kwenye kiti chake, suti mpya, tai mpya, mbele ya televisheni. Na asubuhi ile hakukuwa na matangazo, mwanangu. Siku zile kituo kilifunguliwa baadaye mchana. Kioo kilikuwa cheusi tupu, naye alikuwa akikitazama hivyo hivyo.

Nilipita nyuma ya kiti chake nikiburuta miguu. Nilitumaini atageuka. Nilikohoa. Senge akanivuta, nikavuka kizingiti.

Nje kulikuwa na jua na vumbi na watu. Ngoma kubwa unaisikia tumboni kabla ya masikioni, na ile ndogo inakutekenya miguu. Wanaume wale walitutangulia, mabega yakienda juu na chini, maana isukuti huchezwa kwa mabega. Majirani walitoka kila nyumba, wa kila kabila, na kila mmoja alijua kucheza siku hiyo. Mimi sikuwa nikiona lolote. Nilikuwa nikimtafuta Njogu. Nikamwona tulipokuwa tumeshafika langoni, amechuchumaa kando ya gari la harusi, anasukuma kanda mpya ndani ya kamera. Ya kwanza ilikuwa imejaa pilau.

Alipoinua kichwa akatukuta tumeshamfikia. Akaiweka kamera juu ya boneti ya gari, ikiielekea nyumba yetu, akaruka mbele yetu na mikono juu.

"Simameni! Simameni kidogo!"

Ngoma zikakatika moja baada ya nyingine.

"Madam, pole sana," akaniambia, jasho linamtoka. "Kanda ilikuwa imeisha. Rudi tu ndani kidogo, utoke tena. Dakika moja tu. Hakuna mtu atajua."

Nami nikaanza kukusanya gauni langu. "Senge," nikasema, "turudi."

Hakuniachia mkono. "Urudi wapi?"

"Ni picha tu, Senge. Hajanipiga nikitoka."

"Wewe umetoka au hujatoka?"

"Nimetoka."

"Basi! Kama yeye hakukuona, sisi wote tumekuona. Ngoma zimekutoa, kizingiti umekivuka kwa miguu yako. Sasa unataka kurudi ndani ili uje kuigiza kutoka? Na huko unakokwenda, siku mtakayokosana na mumeo, utamwita huyu aje kuwapiga picha upya?"

Watu wakacheka. Mpiga ngoma mmoja akapiga kiganja kimoja kwenye ngozi, tup, kuunga mkono. Kidole cha Senge kilikuwa usoni kwangu kinapanda na kushuka, na mimi, bibi harusi mzima, nikaanza kulia mbele ya mtaa.

"Ni kwa ajili ya Baba," nikasema. "Nataka Baba anione."

Senge alikuwa akimjua kaka yake huyo kabla yangu. Akakishusha kidole, na sauti nayo akaishusha.

"Muhonja, mtu hamtafuti baba yake ndani ya sanduku. Kama ana macho, amekuona. Kama hana, kioo hakitampa. Futa uso twende." Kisha akamgeukia Njogu. "Na wewe, kijana wangu, tufuate na hiyo mashine yako. Usitufundishe kutembea."

Akawaashiria wapiga ngoma, wakaanza tena, nami nikaenda bila kugeuka. Sikugeuka kwa sababu mkono ule haukuniruhusu, si kwa sababu nilikubali. Nilikuwa na hasira hadi kanisani, na katika picha zote za siku hiyo nimenuna kama niliyeibiwa. Baba alihudhuria ibada kama mtu aliyetumwa na ofisi. Alimpa Kioko mkono, akawapa wakwe mkono, akaketi.

Wiki zilipita. Tulikuwa tumepanga chumba Baba Dogo, mimi na Kioko, na kanda ya harusi tuliletewa na Njogu ikiwa kwenye mfuko wa karatasi. Alikuwa ameziunganisha zote mbili bila kukata chochote, si kwa uaminifu bali kwa uvivu. Hatukuwa na televisheni, kwa hiyo hatukuitazama. Tuliiweka mpaka siku ya kwenda kwetu kurudisha miguu, ile ziara ya kwanza ya mume na zawadi.

Tukaenda Jumapili mchana. Kioko alibeba kigoda ambacho babake alikichonga yeye mwenyewe kwa ajili ya Baba, cha miguu mitatu, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Mama na Senge walitupokea kwa vigelegele. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Akaiambia televisheni, "Mwambie huyo bwana akae." Kioko wangu, mtu mpole, akaishukuru televisheni na kuketi. Kigoda kikawekwa kando ya ukuta.

Mama alikuwa ameazima deki ya video nyumba ya pili. Tulipokwisha kula, kanda ikatiwa. Baba akakaa vizuri kitini. Nikamtazama nikajiambia, haya, sasa ataniona.

Akaona vitunguu. Akaona pilau ikichemka, ikaendelea kuchemka, na watoto wakipunga mikono. Senge akauliza kama niliolewa mimi au iliolewa sufuria. Kisha kioo kikawa cheusi, kikatoa chenga, na picha nyingine ikaingia, imelala upande kidogo, haitikisiki. Ilikuwa picha ya kutoka juu ya boneti. Njogu alipoiweka kamera pale alikuwa ameshaiwasha, akasahau.

Upande mmoja wa kioo kulikuwa na bega langu na ukingo wa shela. Upande wa pili kulikuwa na kidole cha Senge, peke yake, kinapanda na kushuka. Sauti yake ilisikika yote, "Wewe umetoka au hujatoka?", tukaangua kicheko, Kioko akicheka kuliko wote. Aliyenyamaza kwanza ni Mama.

Katikati, pale ambapo hapakuwa na mtu, ilionekana nyumba yetu. Dirisha la sebule lilikuwa likionekana vizuri, na pazia lilikuwa limeinuliwa. Baba alikuwa amesimama pale.

Mkono mmoja ulishika pazia. Mkono wa pili ulikuwa umeshika ile tai mpya, anajifuta nayo macho. Macho hayana pazia, walisema wenyewe. Alifuta, akatazama, akafuta tena. Ngoma zilipoanza upya, bega langu likatoka kwenye picha, na mabega ya Baba yakaanza kwenda. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akicheza hata Krismasi, mabega yake yalikwenda juu na chini na isukuti, peke yake, nyuma ya kioo cha dirisha. Midomo ikasema kitu. Halafu mkono wa Njogu ukainyakua kamera na tukaoneshwa mbingu.

Mimi niliogopa kumtazama Baba. Alikuwa amekaa kitini mwake, mikono juu ya magoti, akimtazama yule mtu ambaye sasa hayupo kwenye kioo. Kisha akaisemesha televisheni kama kawaida yake.

"Wewe mzee wa dirishani," akasema. "Ulikuwa ukimficha nani?"

Akainuka, akaizima televisheni. Alikwenda ukutani akakichukua kigoda cha mkwewe, akakiweka mbele yangu, akaketi juu yake, kisogo chake kikiielekea televisheni na uso wake ukinielekea mimi. Tulikuwa karibu sana hata nikaona alivyozeeka katika miezi ile.

"Muhonja," akasema.

Jina langu, mwanangu. Nilikuwa nimelisahau linavyosikika kinywani mwake.

"Naam, Baba."

"Nilikuona ukitoka. Hii," akaonyesha kwa kidole gumba nyuma yake, "haijaniambia kitu nisichokijua."

Nikalia, naye akaniacha nilie. Nilipoweza kusema nikamwuliza, "Ulisema nini pale dirishani?"

"Nilisema, nenda vizuri, mama."

"Sasa mbona hukufungua dirisha?"

Akafikiri. "Ngoma zilikuwa na kelele," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Niliona haya. Nilikuwa nimekaa kimya muda mrefu mno, sikujua nitaanzia wapi."

Akamgeukia Kioko. "Kijana, ukimbeba huyu kwenye gari, endesha polepole." Akaweka mkono kichwani kwangu na mwingine kichwani kwake, akatuombea kwa lugha ya kwetu. Kioko hakuelewa neno hata moja, akaitikia amina kila pahali. Saa ya taarifa ya habari ikafika, ikapita, na sijui hadi leo mawaziri walisema nini.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliwalea wanangu magotini, aliwafundisha kusoma saa, na Kioko akawa ndiye mkwe anayetafutwa kila bati likivuja. Amelala Kakamega sasa, Senge pia. Kigoda ninacho hapa Njiru, ndicho nilichokikalia nikimweleza Imali haya. Kanda imeota ukungu. Imali ameniomba aipeleke mjini ihamishiwe kwenye simu, nikampa. Namwombea afanikiwe, ingawa vitunguu vile atavichoka.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na nitakwambia linalonisumbua. Kama Senge angelegea langoni siku ile, ningerudi ndani. Baba angesikia miguu yetu, angeachia pazia, angekimbilia kiti chake na kutazama kioo cheusi. Ningepita nyuma yake mara ya pili. Njogu angeiokota kamera yake, angenipiga nikitoka vizuri kabisa, mwanga safi, shela limenyooka. Ningekuwa na picha nzuri ya kutoka, na baba asiyenitazama. Hicho ndicho nilichokuwa nikililia.

Wako watakaosema, kumbe basi kamera ndiyo iliyokupatanisha na baba yako. Sikatai. Naishukuru kamera ile, na uzembe wa Njogu naushukuru zaidi. Lakini kamera ilikuta kitu ambacho tayari kilikuwepo. Machozi yale hayakumwagwa kwa ajili yake. Mzee yule hakujua anapigwa picha, wala mimi sikujua anatazama, na kwa sababu hakuna aliyeigiza, ndiyo maana kilichoonekana kilikuwa kweli. Na kinachonichoma ni kwamba hatua chache tu zilitutenga siku ile, mimi na baba yangu, yeye analia ndani na mimi nalia nje, kwa sababu moja, halafu tukangoja wiki na wiki hadi sanduku lituambie. Tungeweza kukosa. Lori lingeweza kupinduka, moyo wake ungeweza kusimama, Njogu angeweza kuipoteza kanda. Wangapi hukosa?

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, uichukue ilivyo. Harusi yako, kuzaliwa kwa mtoto wako, mazishi ya mpendwa wako, hata ngoma inayopita barabarani jioni, ukikutana nayo mara ya kwanza, ndiyo yenyewe. Piga picha ukitaka. Weka, watumie rafiki zako, sina neno. Lakini usirudi ndani ili utoke tena kwa ajili ya picha, maana anayerudi si wewe yule aliyetoka, na waliokulilia kwa kweli mara ya kwanza watakuwa wameshakwenda kuangalia pilau. Kamera ikufuate wewe, usiifuate. Na ukitaka kujua kama mtu anakupenda, usimtafutie njia ya kioo, iwe televisheni, iwe simu. Kohoa nyuma ya kiti chake, na asipogeuka, zunguka ukasimame mbele yake. Mimi nilikohoa tu, nikajiona nimefanya kazi kubwa.

Na siku ukiwa wewe ndiye uliyesimama ndani, umeshika pazia, umekaa kimya mpaka umesahau pa kuanzia, anzia popote. Anza na sukari ya chai ukishindwa. Lakini fungua dirisha.

Imali aliponisikia nikimaliza alisema, "Shosho, huyo msee wa kamera leo alikuwa anajiskia sana." Nikamwambia ndiyo, alijiona mkubwa, na kwamba Njogu naye alikuwa hivyo hivyo, na Mungu akamtumia.

Haya, mwanangu, nenda. Mlango utakaotokea uwe na ngoma mbele na mkono imara wa kukushika. Mungu akupe usichoweza kujipa, watu wa kukulilia kwa furaha ukiwa hujui kwamba wanakutazama. Utakaowaacha nyuma wasione haya kukuita jina lako, nawe ulisikie ukiwa bado u karibu. Na siku utakaporudi, ukiwa na mwenzako na zawadi mkononi, ukute televisheni imezimwa na kigoda kimeshawekwa.